Kreti Tatu Zisizofunguliwa

Ukitaka kuoa binti wa Kikongo magharibi mwa Sydney, awe wa Guildford, Bankstown au Liverpool, haupiti muda utaambiwa umtafute mzee Bahizire. Si chifu, wala si mchungaji. Siku za kazi ni dereva wa foklifti katika ghala moja karibu na Liverpool, anapanga marobota ya karatasi za chooni mpaka mgongo unaomba likizo. Jumamosi ndiyo siku yake. Huvaa suti ya kijivu, akang'arisha viatu, akawa msemaji wa posa.

Kwa Wakongo, baba wa binti hafungui mdomo siku ya posa. Hukaa pale mbele kimya kana kwamba si yeye aliyelea, na mtu mwingine akamsemea. Kazi hiyo Bahizire aliiweza kuliko wote. Aliwauliza wageni kama wamepotea njia, au kama wamesikia hapa panauzwa viazi, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kisha polepole, bila mtu kujua ni saa ngapi, alikuwa ameshawabana kwenye kona na wanaahidi vitu ambavyo hawakuja kuviahidi.

Alikuwa na kanuni tatu, na alipenda kuzihesabu kwa vidole hata kama hukumuuliza. Ya kwanza, anayetaka aje mwenyewe, asitume barua. Ya pili, ahadi isemwe mbele ya watu wote, si uani. Ya tatu, kabla ya kufungua vinywaji ambavyo wageni wameleta, binti aulizwe mara tatu kama vipokewe. Akiitikia mara ya tatu, chupa zinafunguliwa, na chupa ikishafunguliwa ukoo umekubali. Chupa iliyozibwa hurudi ilikotoka na hakuna anayemlaumu mwenzake.

Kanuni hizo alizifuata kwenye posa arobaini na kitu. Alizivunja kwenye posa moja tu, nayo ilikuwa ya binti yake.

Miaka tisa iliyopita, familia ya kijana mmoja wa Brisbane aitwaye Rodrigue ilikuja kumposa Ornella, mtoto wa kwanza wa Bahizire. Watu walimshauri atafute msemaji. Mkewe, Marie-Jeanne, alimshauri mara mbili, halafu akanyamaza, na ukimjua Marie-Jeanne unajua kwamba kunyamaza kwake si dalili njema. Bahizire akauliza, Sydney nzima hii nani atasema kunizidi mimi? Basi siku ile kwenye ukumbi wa Bankstown akawa baba na msemaji kwa pamoja, anakaa, anainuka, anajijibu. Watu walicheka mpaka machozi. Ilipofika zamu ya binti kuulizwa, Ornella alisimama kati ya shangazi zake wawili, miaka ishirini na mitatu, kilemba kimemzidi kichwa. Baba yake akamuuliza mara moja kama vitu vipokewe. Ornella hakusema neno. Bahizire akawageukia watu, akatangaza kwamba binti ana haya, na vigelegele vikapaa. Chupa ya kwanza aliifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Ndoa haikufika miaka miwili. Rodrigue hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Walikuwa watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na maneno ya watu wengine, basi. Ornella akafunga mizigo yake, akaenda Tasmania, kile kisiwa cha kusini ambacho ndicho jimbo dogo kuliko yote Australia, akasomea uuguzi, akapata kazi katika mji mdogo wa mashamba ya tufaha. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mama yake. Walizungumza nusu saa, wakacheka, wakasengenya kidogo, na mwishoni Ornella alisema, "Msalimie Papa." Miaka saba, salamu hiyo hiyo. Bahizire aliisubiri kila wiki akiwa ameshika kikombe cha chai iliyopoa, na alikuwa akijifanya anasoma gazeti.

Ndipo Ornella akagombea ubunge.

Hakumwambia baba yake. Bahizire aliona picha kwenye simu ya mwenzake wa ghalani: binti yake amevaa koti la mvua, amesimama mbele ya duka la mikate, anagawa karatasi. Hakuwa na chama. Alichotaka ni kitu kimoja. Mji wao haukuwa na wodi ya kujifungulia, na akina mama wenye uchungu walisafirishwa saa nzima barabara ya milimani. Ornella alikuwa amewazalisha wawili kati yao kwenye gari, kando ya njia, mmoja wakati theluji inaanguka. Akasema imetosha.

Kura za kule huhesabiwa taratibu, kama mtu anavyochambua mchele. Wapiga kura hawaweki alama moja wakaenda zao. Wanapanga wagombea kwa namba, na kura ya aliyeshindwa inahamia kwa mwingine, kisha kwa mwingine, mpaka viti vyote vijae. Zilipita siku kumi na mbili. Bunge lao lina viti thelathini na vitano, na ili utawale unahitaji kumi na nane. Chama kilichokuwa madarakani kikapata kumi na saba. Upinzani na marafiki zao wakapata kumi na saba. Kiti kilichobaki, cha mwisho kabisa, kilikwenda kwa muuguzi mmoja mzaliwa wa Bukavu.

Guildford ilichanganyikiwa. Jumapili hiyo mchungaji alimsimamisha Bahizire mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi, na akina mama waliokuwa hawajamsalimia tangu ugomvi wa kwaya wakamkumbatia. Wakaanza kumwita Papa Mbunge. Na yeye, Mungu amsamehe, kichwa kikavimba. Alijibu maswali kuhusu serikali ya Tasmania kana kwamba alikuwa amelala huko jana. Hakuna aliyejua kwamba pongezi zake kwa binti alikuwa amezipitisha kwa mama, na jibu lililorudi lilikuwa lile lile: msalimie Papa.

Alasiri hiyo hiyo wageni wakabisha hodi. Mmoja alikuwa Libère, shemasi wa kanisani, Mrundi mpole asiyependa makuu. Mwingine alikuwa Mugambi, Mkenya wa ofisini, mwenye saa nzito na viatu vilivyochongoka, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa kile chama chenye madaraka, tawi la huku Sydney. Alijuana na mtu anayejuana na mtu wa Tasmania. Walileta kreti tatu za soda za chupa na kitenge cha mama, wakaviweka karibu na mlango.

Bahizire alipoziona zile kreti, damu ilimchemka kama ya kijana. Posa! Tena posa ya serikali nzima, na imekuja sebuleni kwake. Akavaa koti la suti juu ya fulana ya nyumbani. Akawauliza kama wamepotea njia. Libère akacheka kwa adabu. Mugambi hakuwa na muda wa mizaha.

"Mzee, hii kitu ni simple," alisema. "Ni seventeen kwa seventeen. Ornella akisema yes, tuna government. Na wewe ndiye baba. Mtoto mwenye heshima atakataa neno la babake kweli?"

Akaeleza mengi. Kwamba chama kinamheshimu sana Ornella. Kwamba anaweza kupewa hata uwaziri. Kwamba jamii yote ya Waafrika itatajwa kwa wema. Kwamba hawaombi kitu kikubwa, simu moja tu ya mzazi, kabla ya Jumatano. Bahizire alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa kwa busara, na kadiri Mugambi alivyoendelea ndivyo alivyozidi kujiona amekaa mahali pake. Miaka saba hakuna aliyemwambia kwamba Ornella angesikiliza neno lake. Alitamani sana iwe kweli. Akasema, "Niachieni mimi."

Halafu akamwita mkewe alete kifungulio.

Marie-Jeanne alitoka jikoni akijifuta mikono. Ni mwanamke mfupi, anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee ya Guildford, na amebeba watu wazito kuliko mumewe. Akaziangalia kreti. Akawapa wageni maji ya bomba, glasi mbili, kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Kifungulio hakikuonekana. Libère alielewa mara moja, akayanywa yale maji mpaka tone la mwisho. Mugambi aliangalia glasi yake, akaangalia kreti, akaaga.

Walipoondoka Bahizire akaja juu. Aliuliza kama anataka kumwaibisha mbele ya watu. Mkewe akamwacha amalize.

"Hii soda, mimi sifungue," akasema. "Siku ile uliuliza mara moja, Bahizire. Mara moja tu. Na mimi nilikuwa pale."

Miaka tisa hakuwahi kulitamka neno hilo. Akarudi jikoni, na kreti zikabaki pale mlangoni ambapo kila aliyepita alizigonga kwa mguu.

Kesho yake, Jumatatu, Bahizire alipanga marobota vibaya mara mbili na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Kichwani alikuwa anatunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, nisimnyime haki yake. Ilianza na Bukavu, ikapita kwenye kambi ya wakimbizi, ikagusa shukrani kwa nchi iliyowapokea, na ikaishia, kama bahati tu, kwenye chama cha Mugambi. Saa ya chakula alikwenda kukaa nje kwenye benchi, nyuma ya ghala, akiwa bado amevaa fulana yake ya njano ya kazini, akapiga simu.

Iliita mara moja tu. "Papa? Mama ana nini?"

Sauti ilikuwa imejaa hofu, na ndipo Bahizire akatambua kwamba kwa binti yake simu ya baba ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu amekufa au yuko hospitali. Akasema mama mzima, wote wazima. Akasafisha koo. Akaanza kusema kwamba jana kulikuwa na wageni nyumbani, watu wa maana, watu wenye nia njema.

Upande wa pili pakawa kimya.

Hotuba ilimtoka kichwani yote. Kimya kile alikifahamu. Alikisikia kwenye ukumbi wa Bankstown, na kwa miaka tisa aliwaambia watu, na kujiambia mwenyewe kitandani, kwamba kilikuwa kimya cha haya. Sasa alikuwa peke yake kwenye benchi, hakuna shangazi, hakuna vigelegele vya kukifunika. Aliogopa. Mzee wa miaka sitini na moja, aliyevuka mipaka mitatu kwa miguu, aliogopa simu.

"Ornella," akasema. "Wameleta kreti tatu. Mama yako amekataa kuzifungua. Nakuuliza mimi baba yako: hii vitu, tupokee?"

Bahizire alisubiri. Lori liliingia uwanjani likirudi nyuma, likalia pi pi pi mpaka likasimama, na yeye bado anasubiri.

"Tupokee?" akauliza tena.

"You asked me already, Papa," Ornella akajibu kwa Kiingereza, kwamba ameshaulizwa.

"Inatakiwa mara tatu. Nakuuliza ya tatu. Tupokee?"

"Hapana," Ornella akasema.

"Basi ni hapana. Leo hii nazirudisha."

Bahizire alifikiri Ornella atakata simu. Hakukata. Alikuwa anapumua karibu na simu, na alipozungumza alizungumza Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani, ambacho alikuwa ameacha siku nyingi kukizungumza na baba yake.

"Siku ile pia nilisema hapana. Sikusema na mdomo. Nilitikisa kichwa."

Bahizire angeweza kusema hakuona. Kilemba kilikuwa kikubwa, ukumbi umejaa, shangazi wamembana, na hakuna hata mtu mmoja duniani angeweza kumbishia.

"Niliona," Bahizire akasema. "Nilikuona, mwanangu. Wageni walikuwa wameshakaa, watu wanacheka, mimi nasifiwa. Nikaona vizuri kabisa, nikageuza uso. Nisamehe."

Alilia pale kwenye benchi bila kujificha, na kijana mmoja Msamoa aliyekuwa anakula karibu naye akainuka taratibu na sahani yake, akampisha. Ornella hakusema amemsamehe. Vitu hivyo havisemwi kwa dakika mbili kati ya chakula na kengele. Lakini aliuliza swali, na aliliuliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza fundi.

"Papa, kwenye posa, wakija wawili kwa binti mmoja, wewe unafanyaje?"

Bahizire akajifuta uso kwa mkono wa fulana. Akamwambia. Usijibu siku ile ile, hata wakikuletea haraka zao. Wote wawili waite waje wenyewe, si wajumbe wao. Na ahadi waitamke mbele ya watu ambao itawahusu, kwa sauti, maana ya faragha husahauliwa. Hakutaja chama. Akaulizwa basi kati ya wawili hao achaguliwe yupi, akasema hilo binti ndiye anayelijua. Kengele ya ghala ikalia.

Jioni hiyo alizipakia kreti pamoja na kile kitenge kwenye gari lake, akaendesha mpaka kwa Mugambi, akazishusha mwenyewe mbele ya mlango, moja baada ya nyingine, chupa zote zimezibwa. Mugambi aliuliza kama bei imekuwa ndogo. Bahizire alimwambia kwamba binti ameulizwa mara tatu na jibu ni hapana, na kwamba yeye hana neno juu ya hapo. Mugambi aliona mzee amezeeka.

Kule Tasmania waandishi wa habari walipiga kelele. Siku zikapita na muuguzi hasemi. Jumatano ya Mugambi ikaja ikaondoka. Kisha Ornella akatangaza kwamba kiongozi yeyote anayetaka kura yake afike Jumamosi kwenye ukumbi wa mji wao, asimame mbele ya akina mama, aseme mwenyewe atafanya nini kuhusu wodi. Kiongozi wa upinzani alituma barua nzuri na naibu wake. Yule wa serikali, ambaye watu walidhani ana majivuno, aliendesha gari mwenyewe barabara ile ya milimani saa nzima, akaingia ukumbini suruali imekunjamana. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia sasa aifikirie hiyo njia huku ana uchungu. Kiongozi akasema wodi itajengwa, na itaanza lini, na akalirudia neno hilo mbele ya kamera. Ornella akaahidi kuiunga mkono serikali kwenye bajeti na kwenye kura ya imani. Uwaziri aliukataa. Akasema ana zamu siku ya Alhamisi.

Kwa hiyo chama cha Mugambi ndicho kilichounda serikali, na hakuna mtu duniani atakayemshawishi Mugambi kwamba si kwa sababu ya soda zake. Jumapili iliyofuata alibisha hodi akiwa na furaha kama bwana harusi. Kreti ni zile zile tatu. Aliziweka mlangoni pale pale, akamkumbatia Bahizire, akamwambia, mzee, wewe ni moto, ulijua kuzungusha. Bahizire alijaribu kumweleza, akaona ni kazi bure, akamkaribisha chai.

Mugambi alikuwa hajamaliza kikombe, simu ikalia jikoni. Marie-Jeanne aliipokea, kama kila Jumapili. Alisema ndiyo, akasema eeh, akacheka. Bahizire alishika chai yake na kusubiri salamu. Mkewe akatokea mlangoni, hajazungumza hata dakika mbili, akanyoosha mkono wenye simu.

"Anakutaka wewe."

Bahizire alisimama kuipokea, kwa nini hata yeye hakujua. Ornella akamwuliza mgongo unaendeleaje. Akajibu unaendelea. Akatafuta neno lingine la kusema, yeye msemaji wa posa arobaini na kitu, akakosa. Macho yake yakaangukia mlangoni.

"Mugambi amezirudisha zile kreti," akasema. "Anasema ni za shukrani. Tufungue?"

Alisikia binti yake akicheka, kicheko kile cha utotoni.

"Uliza tena, Papa."

"Tufungue?"

"Bado moja."

Sebuleni Mugambi alikuwa ameacha kunywa chai na anatazama, haelewi kitu. Marie-Jeanne alikuwa ameshakitoa kifungulio kwenye mfuko wa aproni, amekishika, hajasogea. Bahizire akauliza mara ya tatu, akasubiri jibu.